Mkao wa Mwendeshaji wa Pikipiki Katika Kona

Mkao wa mwendeshaji katika kona ni mpangilio wa kichwa, kiwiliwili, nyonga, mikono na miguu yake juu ya pikipiki, kuanzia kabla kona haijaanza hadi chombo kinaposimama wima tena upande wa pili. Somo hili limezoeleka kuhusishwa na madereva wa mashindano ambao magoti yao hugusa lami, na kwa sababu hiyo wengi wanaoendesha pikipiki kwa ajili ya riziki huliona kuwa haliwahusu. Kwa hakika linamhusu zaidi yule anayeshuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo akiwa na abiria na kikapu cha mboga, au anayepanda Kitonga mkoani Iringa katikati ya malori yaendayo Zambia, au anayeteremka kutoka Iten kuelekea bonde la Kerio nchini Kenya, kwa kuwa pikipiki yake ni nyepesi, matairi yake ni membamba, ukingo wa barabara ni mtaro au korongo, na kosa la nusu mita humkutanisha na gari linalokuja. Maelekezo yanayofuata yanalenga pikipiki za kawaida za injini ya cc 100 hadi 150, ingawa kanuni zake ni zilezile kwa pikipiki kubwa.

Pikipiki inapokwenda moja kwa moja, uzito wake pamoja na wa anayeiendesha hushuka wima hadi pale matairi yanapogusa barabara. Inapoingia kwenye kona, msuguano wa matairi na lami ndio unaoivuta kuelekea ndani, na kwa kuwa mvuto huo hufanyika chini kabisa, ilhali sehemu kubwa ya uzito iko juu, chombo kilichobaki wima kingepinduka kuelekea nje. Hulazwa kuelekea ndani ili uzito unaotaka kukiangusha ndani na mwendo unaotaka kukipindua nje vitoshane nguvu. Kiasi cha kulala hutegemea mwendo na ukali wa kona, na uzito wa chombo hauingii katika hesabu. Kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake, yaani umbali kutoka katikati ya duara ambalo kona ni kipande chake hadi kwenye njia ya matairi, ni mita 40, mwendo wa kilomita 30 kwa saa huhitaji mlalo wa nyuzi 10 hivi kutoka wima; kilomita 40 huhitaji nyuzi 17 na nusu; kilomita 50 huhitaji nyuzi 26; na kilomita 60 huhitaji nyuzi 35. Mwendo uliongezeka mara mbili tu, kutoka 30 hadi 60, lakini mlalo umezidi mara tatu, kwa sababu kazi inayodaiwa kwa matairi hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendeshaji anayeingia kwenye kona kwa kilomita 10 zaidi ya alivyozoea anakuwa ameomba kwa matairi yake kitu kikubwa kuliko anavyodhani.

Kinachopimwa katika hesabu hiyo, hata hivyo, si mlalo wa fremu. Ni mlalo wa mstari wa kufikirika unaotoka pale matairi yanapogusa ardhi hadi kwenye kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa chombo na mwendeshaji unaweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika. Mwendeshaji akikaa sambamba na pikipiki, fremu na mstari huo hulala kwa pamoja. Akisogeza mwili wake ndani ya kona, kitovu cha uzito husogea ndani pia, na fremu inaweza kubaki wima zaidi ilhali mstari umelala kiasi kilekile. Akiuegemeza mwili nje, fremu hulazimika kulala zaidi ili kufidia. Ikichukuliwa pikipiki ya kilo 120 na mwendeshaji wa kilo 70, na kitovu cha uzito wao wote wawili kiwe sentimita 70 kutoka ardhini, kuusogeza mwili ndani kwa sentimita 10 hupunguza mlalo wa fremu kwa nyuzi 3 hivi, na kuuegemeza nje kwa kiasi hicho huongeza nyuzi 3. Tofauti kati ya mwendeshaji aliyejifunza na aliyeogopa, kwenye kona ileile na kwa mwendo uleule, inafikia nyuzi 6.

Nyuzi hizo zina thamani kubwa kwenye pikipiki za kazi, ambazo vikanyagio vyake vya miguu viko chini, na ambazo mara nyingi huongezewa vyuma vya kinga vilivyochomelewa mbele ya injini, vikatokeza pembeni kuliko vikanyagio vyenyewe. Kikanyagio kinachokunjika kikigusa lami hutoa sauti ya kuonya, lakini chuma kisichokunjika kikigusa hugeuka kuwa mguu wa tatu unaoliinua tairi kutoka barabarani, na mwendeshaji huanguka bila kuonywa. Stendi ya pembeni, ambayo kwa kawaida iko upande wa kushoto, ni hatari kwa namna hiyohiyo ikisahauliwa chini au springi yake ikilegea, na ndiyo maana kuikagua kabla ya safari ya milimani ni sehemu ya somo hili.

Jambo moja linapaswa kusemwa waziwazi hapa kwa sababu limepoteza watu wengi: mkao mzuri hauongezi msuguano. Kwa mwendo fulani kwenye kona fulani, matairi hudaiwa mvuto uleule wa pembeni, awe mwendeshaji amejipanga vizuri au vibaya. Kwa ile kona ya mita 40 na mwendo wa kilomita 50, mvuto huo unakaribia nusu ya uzito wote wa chombo na waliomo. Mchanga, dizeli iliyomwagika, majani mabichi na mvua ya kwanza inayochanganyika na vumbi la miezi ya kiangazi hupunguza mvuto uliopo, na hakuna namna ya kukaa inayoweza kuurudisha. Mkao humpa mwendeshaji nafasi ya ziada kabla vyuma havijagusa, humwezesha kuona mbele, na huiacha mikono yake ifanye kazi bila kuzuiwa. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Pikipiki iliyoshika mwendo hugeuzwa kwa mikono, na hugeuzwa kwa namna inayoonekana kinyume. Ili chombo kilale kushoto, mshikio wa kushoto wa usukani husukumwa mbele kidogo. Gurudumu la mbele hugeuka kulia kwa kitambo kifupi sana, sehemu ya chini ya pikipiki hutoka kuelekea kulia, sehemu ya juu huanguka kushoto, kisha gurudumu hujielekeza lenyewe ndani ya kona. Kila anayeendesha kwa mwendo wa zaidi ya mtu anayekimbia polepole hufanya hivyo, hata kama hajawahi kuambiwa, na mara nyingi huamini kwamba ni mwili wake ndio uliogeuza chombo. Keith Code, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha shule ya uendeshaji ya California Superbike School mwaka 1980, alitengeneza pikipiki yenye mishikio ya pili iliyofungwa kwenye fremu, isiyoweza kugeuza gurudumu, na kuwapa nafasi wanaoamini kwamba mwili unatosha wajaribu kukata kona wakiwa wameishika hiyo. Pikipiki iliyumba na kusogea upande polepole, lakini haikugeuka kwa uhakika ambao ungemsaidia mtu barabarani. Kwa hiyo mwili usipewe kazi isiyo yake. Mikono hugeuza, na mwili hukaa mahali ambapo mikono haitahitaji kufanya kitu kingine chochote.

Mpangilio wa mwili huanzia chini. Nyayo hukaa juu ya vikanyagio kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, badala ya katikati ya unyayo, kwa sababu kidole kinachoning'inia chini ya kikanyagio cha upande wa ndani ndicho cha kwanza kukutana na barabara. Viatu vifunikavyo mguu mzima ni sharti, na kandambili hazifai hata kwa mwendo wa karibu. Mguu wa nje, yaani ule ulio upande wa mbali na katikati ya kona, hukanyaga kwa nguvu zaidi huku paja lake likibanwa kwenye tangi la mafuta. Kwa kukanyaga na kubana huko, mwendeshaji huwa amejifunga kwenye pikipiki kwa misuli ya paja na kiuno, ambayo ni mikubwa na haichoki haraka, na hahitaji tena kujishikilia kwa mikono. Mguu wa ndani hukaa kwa ulegevu. Goti linaweza kuachwa lifunguke kidogo, lakini halina haja ya kutanuliwa.

Makalio hukaa nyuma ya tangi kwa nafasi inayotosha ngumi, ili nyonga ziweze kuzunguka na kiwiliwili kiweze kuinama mbele bila tumbo kukwama kwenye tangi. Kwenye kona za kawaida za barabara hayana haja ya kuhama katikati ya kiti. Kwenye kona kali inatosha kusogeza nusu ya kalio moja upande wa ndani, na kusogea huko kufanyike kabla ya kona, kwa kujiinua juu ya vikanyagio, kamwe si kwa kuvuta usukani. Anayehamisha makalio katikati ya kona huuyumbisha usukani bila kukusudia, nayo pikipiki hutii, kwa kuwa haiwezi kutofautisha agizo na bahati mbaya.

Juu ya nyonga, kiwiliwili huinama mbele kidogo kutoka kiunoni huku mgongo ukiwa mlegevu, na bega la ndani hushushwa na kusogezwa mbele, kuelekea kioo cha upande huo. Wengi hukosea hapa kwa namna inayofanana: husogeza makalio ndani, kwa kuwa wameona picha za mashindano, lakini kichwa na kifua hubaki juu ya tangi au hata hurudi nje, na mwili hujipinda. Kiwiliwili na kichwa ni zaidi ya nusu ya uzito wa mtu na viko juu kabisa, hivyo vikibaki nje hufuta yote yaliyofanywa na makalio. Mwendeshaji anayelazimika kuchagua kimoja na achague bega na kichwa, na ayaache makalio yalipo. Huo ndio mkao unaofaa zaidi kwa barabara zetu, nao hauhitaji nguvu wala wepesi wa pekee.

Viwiko vyote viwili hukunjwa na kushuka, kiasi kwamba mikono ya mbele inakaribia kuwa sambamba na ardhi, kwa sababu mkono ulionyooka hauwezi kusukuma mshikio mbele isipokuwa kwa kuhamisha bega zima, na hupeleka kila mtikisiko wa mwili kwenye usukani. Mishikio hushikwa kwa wepesi wa kushika kifaranga asiyetakiwa kuumia wala kuponyoka. Kipimo chake ni rahisi: pikipiki ikiwa ndani ya kona, mwendeshaji anapaswa kuweza kuchezesha vidole vya mkono wa ndani bila kiwiliwili chake kuanguka mbele, na akishindwa, basi miguu haifanyi kazi yake. Kiwiko cha mkono wa eksileta kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mkono ulioinuka au kupinda vibaya huvuta au kuachia mafuta kila pikipiki inapopita juu ya shimo.

Kichwa hugeuzwa kuelekea mwisho wa kona, kidevu kikielekezwa kule chombo kinakotakiwa kwenda, na macho yakibaki sambamba na upeo hata kama pikipiki imelala, kwa kuwa macho yaliyopinda pamoja na chombo huona mlalo kuwa mkubwa kuliko ulivyo na humtia mwendeshaji hofu isiyo na msingi. Kinachotafutwa na macho ni ile nukta ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Nukta hiyo ikisogea mbali kadiri chombo kinavyosonga, kona inafunguka na mafuta yanaweza kuongezwa. Ikibaki palepale huku pikipiki ikiikaribia, kona inazidi kuwa kali na mwendo unatakiwa kupungua mara moja, pikipiki ikiwa bado wima. Macho yanayokaziwa mtaro, jiwe au lori humpeleka mwendeshaji kwenye mtaro, jiwe au lori, kwa sababu mikono hufuata kichwa bila kuulizwa.

Wakati wa kufanya hayo yote ni muhimu kama mambo yenyewe. Mwendo hupunguzwa na gia kuteremshwa kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, chombo kikiwa wima, na ndipo pia mguu wa nje unapobanwa, kiwiliwili kinaposhuka na kichwa kinapogeuka. Baada ya hapo mwendeshaji huwa amejipanga kwa ajili ya kona lakini pikipiki bado inakwenda moja kwa moja, hali inayoonekana ngeni mwanzoni ila ndiyo sahihi. Kisha husukuma mshikio wa ndani kwa msukumo mmoja ulio thabiti, pikipiki hulala hadi inapotakiwa, msukumo huondolewa, na kuanzia hapo mafuta hufunguliwa kidogo sana na kwa utulivu, kiasi cha kuzuia mwendo usishuke. Mafuta hayo madogo hupunguza mzigo kwenye tairi la mbele, ambalo hubeba zaidi mafuta yanapofungwa ghafla. Mwishoni mwa kona pikipiki husimamishwa kwa kusukuma mshikio wa nje, huku mwili ukibaki ndani hadi chombo kinapokaribia kuwa wima.

Kosa linalostahili kuzungumzwa kwa kirefu kuliko mengine ni lile linalotokana na hofu. Mtu anayehisi kwamba ameingia kwa mwendo mkubwa hufanya mambo manne kwa wakati mmoja bila kufikiri: hufunga mafuta, hukaza mikono, huuinua mwili wima ukielekea nje, na hutazama anakoogopa kuangukia. Kila moja katika hayo humsukuma nje ya kona. Mwaka 1981 ilitolewa ripoti ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao ulichunguza kwa kina ajali 900 hivi za pikipiki katika eneo la Los Angeles, nayo ilionyesha kwamba katika ajali zisizohusisha chombo kingine, kosa la mwendeshaji lilikuwa chanzo katika takriban theluthi mbili, na kwamba makosa ya kawaida yalikuwa kuteleza kwa kufunga breki kupita kiasi, au kutoka nje ya njia kwa mwendo mkubwa au kwa kukata kona pungufu. Kukata kona pungufu maana yake ni kwamba pikipiki bado ilikuwa na uwezo wa kulala zaidi lakini aliyeiendesha hakuutumia. Kwenye lami kavu isiyo na mchanga, mwendeshaji aliyejikuta katika hali hiyo ana nafasi nzuri zaidi ya kupona akishusha bega la ndani, akatazama mwisho wa kona na kuusukuma mshikio wa ndani kwa nguvu zaidi, kuliko akijaribu kusimama. Hilo halifanyiki kwa mara ya kwanza siku ya hatari. Hufanyika kwa sababu mwili ulikwisha kulizoea kwenye kona elfu za kawaida.

Mkao wa mashindano haupaswi kuigwa barabarani. Jarno Saarinen wa Finland, bingwa wa dunia wa daraja la cc 250 mwaka 1972, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuning'iniza mwili na goti ndani ya kona, na Kenny Roberts wa Marekani, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa cc 500 mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1978, aliueneza mtindo huo hadi ukawa wa wote. Leo waendeshaji wa MotoGP hulaza pikipiki kupita nyuzi 60. Wanafanya hivyo juu ya matairi yaliyopashwa moto, kwenye barabara waliyoipita mara nyingi siku hiyohiyo, pasipo ng'ombe wala daladala. Mwendeshaji wa barabara ya umma anaitumia kanuni yao, ya kuweka uzito ndani ili fremu ibaki wima zaidi, lakini huichukua kwa kipimo kidogo, kwa sababu aliyening'inia hawezi kukwepa haraka wala kuhama ghafla anapokuta punda katikati ya njia.

Upande wa kona nao hubadilisha mambo. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako vyombo hupita kushoto, kona ya kulia huweka mstari wa katikati ya barabara upande wa ndani, na mwendeshaji aliyelala nyuzi 26 huwa na kichwa kilichotangulia matairi yake kuelekea ndani kwa zaidi ya nusu mita. Matairi yakiwa karibu na mstari, kichwa na bega huwa tayari viko kwenye njia ya gari linalokuja, ingawa aliyemo anaamini yuko upande wake. Kona ya kulia kwa hiyo hukatwa matairi yakiwa katika nusu ya kushoto ya njia, na kwa kadiri bega linavyoshushwa ndivyo matairi yanavyopaswa kukaa mbali zaidi na mstari. Kona ya kushoto ina hatari nyingine: ukingo wa ndani hukusanya mchanga unaoletwa na maji na magurudumu ya malori, na mwendeshaji anayekata pungufu hutokea upande wa pili wa barabara. Huko Rwanda, Burundi na Kongo, ambako vyombo hupita kulia, kulia na kushoto hubadilishana katika maelezo haya, na anayevuka mpaka wa Rusumo au Kabanga anapaswa kuyapindua yote kichwani kabla ya kona ya kwanza.

Abiria ni mwili wa pili katika hesabu, na mara nyingi ndio unaoivuruga. Abiria mwenye uzito sawa na wa mwendeshaji, akijiegemeza nje kwa sentimita zilezile ambazo mwendeshaji amejisogeza ndani, hufuta kazi yote. Anafanya hivyo kwa woga, na haimpasi mwendeshaji kumkemea, bali kumweleza kabla ya kuondoka: akae karibu, amshike mwendeshaji kiunoni au ashike chuma cha nyuma, asimshike mabegani, na kila inapofika kona atazame mbele kupitia bega la mwendeshaji lililo upande wa ndani. Agizo hilo la mwisho linatosha kumweka mahali pake, kwa kuwa kiwiliwili hufuata macho. Abiria aliyekaa upande, kama wafanyavyo wengi waliovaa kanga au gauni refu, hawezi kubana kwa mapaja wala kuinama pamoja na chombo, na miguu yake iko karibu na ardhi upande mmoja. Dawa ya hilo ni mwendo mdogo, hasa kwenye kona ya upande ambao miguu imeelekea. Mizigo hufungwa chini na karibu na kiti kadiri inavyowezekana. Dumu lisilojaa ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji yaliyomo hukimbilia upande mmoja baada ya pikipiki kulala, wakati ambapo mwendeshaji hakutarajia kusukumwa.

Kuna hali mbili ambapo kanuni hugeuka. Ya kwanza ni kona za mwendo mdogo sana, chini ya kilomita 15 kwa saa hivi, kama zile kona za kujirudia za milimani zinazopandwa nyuma ya lori. Hapo hakuna mwendo wa kutosha kuibeba pikipiki iliyolala, na usukani hugeuzwa moja kwa moja kuelekea kona. Mwili hubaki wima au huegemea nje kidogo huku pikipiki ikilazwa chini yake, klachi ikiwa nusu, mafuta yakiwa thabiti, na breki ya nyuma ikiguswa kwa wepesi ili chombo kitulie. Breki ya mbele haiguswi wakati usukani umepinda. Ya pili ni barabara ya changarawe au vumbi, ambako tairi huteleza kidogo muda wote. Mwendeshaji aliyejiegemeza ndani akiteleza huanguka pamoja na chombo, ilhali aliyebaki juu ya matairi, akakanyaga kikanyagio cha nje kwa uzito wake na kuiacha pikipiki peke yake ilale, ana nafasi ya kuinuka tairi linaposhika tena. Mguu hauburuzwi ardhini kwa matumaini ya kuzuia kuanguka, kwani kifundo huvunjika kabla pikipiki haijasaidika.

Mazoezi huanza pikipiki ikiwa imesimama. Ikiwekwa juu ya stendi ya kati kwenye sakafu ngumu, na mwenzake akiishikilia kwa nyuma, anayejifunza hupanga mkao wa kushoto na wa kulia kwa zamu, kisha huinua mikono yote miwili kutoka kwenye mishikio kwa kitambo. Akiweza kubaki alivyo bila kuanguka mbele, miguu imeanza kubeba. Hatua ya pili huhitaji uwanja mtupu wenye lami au saruji, ambapo duara la nusu kipenyo cha mita 10 huwekewa alama kwa mawe madogo au chaki. Kilomita 20 kwa saa kwenye duara hilo hudai mlalo wa nyuzi 17 na nusu, na kilomita 25 hudai nyuzi 26, sawasawa na kilomita 50 kwenye kona ya mita 40. Kwa hiyo mlalo wa barabara kuu unaweza kujifunzwa kwa nusu ya mwendo wake. Anayejifunza hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: mizunguko michache akikaa sambamba na chombo, mingine akishusha bega la ndani, na mingine akigeuza kichwa zaidi, huku mwenzake akimpiga picha kutoka mbele, kwa kuwa karibu kila mtu hudhani ameinama zaidi ya alivyoinama kweli. Takriban kila mwendeshaji ana upande mmoja ulio dhaifu, ambapo mkono hukaza na kichwa hubaki nyuma, na upande huo hupewa mizunguko maradufu kabla abiria hajapandishwa.